Mama Futa Hakufuta

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mama yetu wa maktaba ya kanda za muziki hapa studioni anastaafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa tangu asubuhi ya tarehe 19 Februari alipokuja kuomba kazi ya mapokezi, mkononi cheti cha kupiga chapa, miguuni viatu vya kuazima. Hesabu hiyo nimeitoa mwenyewe kwenye madaftari ya mahudhurio, kwa sababu barua ya uongozi imeandika "takriban miaka thelathini". Mtu hafanyi kazi takriban. Huo mwaka mmoja na miezi minne walioudondosha njiani aliufanya siku kwa siku, na katika muda wote huo alichelewa mara mbili tu: mara moja mafuriko, mara moja msiba.

Nimeombwa niandike kitu kifupi kwenye kijitabu cha sherehe, cha kuchangamsha ukumbi. Kufupisha nimeshindwa. Kuchangamsha nitajitahidi, maana mwenyewe anapenda kucheka na hapendi watu wa kununa. Lakini kwenye faili lake la utumishi kuna barua moja ya karipio, na midomoni mwetu kuna jina moja la utani, na vyote viwili ni uongo. Akiondoka navyo Ijumaa, ndiyo basi, hakuna wa kuvisahihisha tena. Kwa hiyo nitalisema hapa jambo ambalo mnapaswa kulisoma wote, kwa sababu wote tulilicheka.

Tuanze na yanayochekesha. Mapokezi alikaa miezi kumi na minne. Mchana wenzake wakienda kula, yeye aliingia chumba cha kurekodia akakaa nyuma ya fundi mzee wa wakati huo, mikono mapajani, bila kugusa kitu. Siku moja fundi mzee aliamka na jino, kwaya ya watu thelathini na wawili imeshajipanga mistari, na meneja anakwenda na kurudi koridoni kama aliyepotelewa na pasi ya kusafiria. Mama akamwambia kutoka kwenye dawati lake, "Naweza kuwasha, bwana meneja. Kikiungua kitu, nifukuze kabla ya chai." Hakikuungua kitu. Kwaya ile ilirekodi nyimbo tisa siku hiyo, na kuanzia Jumatatu simu ya mapokezi ilipokelewa na mtu mwingine.

Kwenye kiti cha fundi alikaa miaka kumi na minane na ushei. Nimepitia rejista: nyimbo 1,412. Waliorekodi naye wanamkumbuka kwa amri yake ya kwanza, "Kohoeni sasa!" Watu walikuwa wanakohoa wote kwa pamoja, wanacheka, halafu kimya kinakuja chenyewe. Alikuwa na masikio ya ajabu. Aliwahi kusimamisha wimbo katikati akatoka, akavuka vyumba viwili, akazima jokofu la wahasibu, akarudi akakaa. Mara nyingine alimsimamisha mpiga besi mmoja, jamaa mkubwa mwenye mabega ya mlango, akamuuliza mbele ya wenzake kama asubuhi amekula. Jamaa akakana. Mama akamtolea mkate kwenye mkoba wake akasema, "Kula, baba. Tumbo lako limeshaimba mara mbili, na halijui ufunguo wa wimbo."

Alikuwa na taratibu zake mbili, na naomba mzishike vizuri, kwa kuwa kila kitu kinachofuata kimetokana nazo.

Ya kwanza: alihesabu kuanzia sifuri. Mwimbaji akiingia, Mama alimwambia, "Tunajaribu tu, hatujaanza," na huku anarekodi. Huko ndiko watu huimba bila woga. Hiyo aliiita ya sifuri. Baada yake ndiyo ilikuja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mashine haikuwa na habari na sifuri. Yenyewe iliandika moja, mbili, tatu tangu mwanzo. Kwa hiyo Mama akisema "ya tatu", kwenye kompyuta ulitakiwa kufungua namba nne. Kila aliyefanya kazi naye alilijua hilo.

Ya pili: rekodi zilizokataliwa zilifutwa siku hiyohiyo, na mwimbaji akiwa amekaa pale anaona. Alisema mwimbaji asipojua ipi imebaki, atarudi nyumbani na nyimbo saba zinazogombana kichwani. Na kufuta kwa wakati ule kulikuwa kufuta kweli. Mashine zetu hazikuwa na pipa la kwenda kuokota ulichotupa.

Sasa tuje kwenye wimbo wa 1,412.

Miaka kumi na moja iliyopita ilikuja bendi ya watu wanne. Mwimbaji wao alikuwa binti wa dada yake mkubwa Mama, na alimwita Mama Mdogo hata mbele ya wateja. Walipiga roki, lakini si ile ya kurukaruka na moshi jukwaani. Ni ile ya pembeni, ambayo gitaa linakwaruza kama meza inayoburuzwa na mwimbaji anaimba kama anayesema na mtu aliyempa mgongo. Walikuwa na nyimbo kumi na moja tayari, na nia yao ilikuwa kurekodi zote. Daktari akaingilia kati. Binti alikuwa na uvimbe kwenye nyuzi za sauti na ulitakiwa kutolewa upesi, Alhamisi ya wiki ileile. Daktari hakumficha kitu: sauti ya kuzungumza huenda ikabaki, ya kuimba asiitegemee. Kwa hiyo katika kumi na moja wakachagua mmoja, utoke peke yake kama singo. Unaitwa "Koti Msumarini". Binti aliuandika baada ya kufiwa na kaka yake, ambaye Mama pia alikuwa amemlea miaka mitatu nyumbani kwake. Mstari wa kwanza unasema: koti lako bado lina mabega.

Jumatatu na Jumanne zilikwenda kwa vyombo. Kwa gitaa, Mama alileta spika ya zamani iliyochanika ngozi, ambayo mimi nilikuwa nimeshaiweka upande wa takataka. "Usiitengeneze," akaniambia, "imeumia vizuri." Ngoma alizipeleka kwenye ngazi za dharura, vidato ishirini na viwili, ili zipate mwangwi ambao chumba hakina, na akapanda mwenyewe kuwaomba kina dada wa uhasibu wavue viatu kwa saa moja. Walivua. Mpiga gitaa wao, kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, alikuwa analalamika kila baada ya dakika kumi kwamba ngoma zinamfunika. Mama akamwambia, "Wewe uko futi sita na nusu, nani atakufunika?"

Jumatano saa nne asubuhi binti akaingia kuimba. Saa nane mchana alitakiwa awe ameshalazwa. Aliimba ya sifuri, ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa nzuri mpaka dakika ya pili na sekunde arobaini na moja, kwenye mstari unaouliza nani atavaa hayo mabega. Pale sauti ikamkatika, sekunde nne nzima, ikabaki pumzi na mkwaruzo. Akanywa maji ya uvuguvugu, akafunga macho, akaimba ya nne. Mimi si mtu wa muziki, ni mtu wa nyaya, lakini kwenye ya nne niliacha kukunja waya niliokuwa naukunja. Alijaribu ya tano, koo likagoma katikati. Akavaa hedifoni akasikiliza ya nne mwanzo hadi mwisho, machozi yanamtoka na anacheka. Akasema, "Hii hii, Mama Mdogo. Usiiguse hata kidogo. Nikiamka Alhamisi sina sauti, nitajua iko humo."

Saa sita na nusu gari likapiga honi getini. Binti hakuweza kubeba begi lake, nguvu zote alikuwa amezimalizia kwenye wimbo. Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuacha kiti chake kabla ya kufuta, akanyanyuka akabeba begi la mtoto wa dada yake. Akiwa mlangoni akageuka akaniambia, "Bakiza ya nne. Zingine futa."

Nilikuwa na wiki saba kazini. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, watoto wawili, nimetoka kubeba spika kwenye harusi za watu, na nilikuwa najivunia kitu kimoja: namba hazinipigi chenga. Kuhusu sifuri alikuwa ameshaniambia siku yangu ya pili. Nikafungua mashine, nikaona namba nne, nikaibakiza. Nikafuta moja, mbili, tatu, tano na sita. Nikapangusa meza, nikazima taa.

Nadhani hesabu mmeshaifanya. Ya nne ya Mama ilikuwa namba tano. Niliyoibakiza ilikuwa ya tatu, ile iliyokatika.

Siku ya tisa walikaa kuchanganya sauti: Mama, mkurugenzi wa wakati huo, bwana mmoja wa kampuni ya usambazaji, na Mlingoti. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Ilipofika dakika ya pili na sekunde arobaini na moja, mkono wa Mama ukasimama hewani. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akanitazama mara moja tu, kama mtu anayetazama saa ya ukutani, akageuka akasema, "Nimebakiza isiyo yenyewe. Kosa langu." Nilikuwa nangoja anitaje. Nikangoja dakika moja, nikangoja mpaka jioni, nikangoja mpaka kungoja kwenyewe kukageuka kuwa kazi.

Kurudia kuimba hakukuwezekana. Binti alikuwa ametoka kwenye upasuaji na mnong'ono, na mnong'ono ndio alionao mpaka leo. Bwana wa usambazaji akasema jambo dogo hilo, anaye msichana mwenye sauti inayofanana, ataziba sekunde nne na mwenye wimbo mwenyewe hatatambua. Mama akaenda hospitali kumuuliza mwenye wimbo. Akarudi na karatasi yenye mwandiko wa penseli: "Sauti yangu tupu, au wimbo usitoke." Mkurugenzi akaamuru sekunde zizibwe. Mama akamjibu, bila kupandisha sauti, kwamba kwenye kiti chake hataingia msichana mwingine, na akitaka wazibe, kwanza wamtoe yeye. Wimbo akaumaliza bila kuzibwa. Kisha yeye akatolewa.

Barua ya karipio inasema mawili: alifuta kazi ya mteja kwa uzembe, na alikaidi agizo. La pili ni kweli, na ningekuwa mimi ningelipigia mstari kwa wino wa rangi. La kwanza ni langu. Kwa barua hiyo alivuliwa ufundi mkuu akapelekwa chumba cha chini, maktaba ya kanda, kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta. Huko ameshahamisha 6,204. Wimbo wa 1,413 hajaurekodi mpaka leo, na kiti chake, baada ya watu wawili kupita, kimekaliwa na mimi.

"Koti Msumarini" ulitoka Ijumaa moja ya mvua, diski mia tano, ukapelekwa vituo tisa vya redio. Vinne viliupiga. Kwenye kimoja mtangazaji aliposikia sekunde zile aliingia juu ya wimbo akawaomba radhi wasikilizaji kwa hitilafu ya mitambo. Tulikuwa tumekusanyika jikoni kusikiliza. Mama akaosha kikombe chake, akakikausha, akashuka chini. Zilikuja barua za wasikilizaji ishirini na tatu, ninazo. Kumi na tisa zinataja pale sauti inapokatika, na zinasema pale ndipo palipowashika. Wapo watakaosema basi, mambo yaliishia vizuri. Hayakuishia vizuri. Binti hakuomba barua kumi na tisa. Aliomba ya nne.

Mwezi mmoja baadaye alikuja hapa kazini, skafu shingoni. Walikutana koridoni, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yao, waya begani. Akanong'ona, "Nilikuomba kitu kimoja, Mama Mdogo. Kimoja." Mama akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Tangu siku hiyo binti hajakanyaga nyumbani kwake. Kwenye shughuli za familia, Mama ameniambia, hukaa upande mwingine wa chumba, na wakipishana mlangoni humpisha kama mgeni.

Na sisi tukamwita Mama Futa. Lilianzia kwa madereva likapanda ngazi. Chai ya saa nne: "Mama Futa, kaa mbali na kompyuta yangu, barua ya likizo imo humo!" Akaja mtu na mtoto wake mchafu: "Mpeleke kwa Mama Futa ampanguse." Alikuwa anacheka nasi, na kwa sababu alicheka tukaona ruhusa. Mimi mwenyewe nililitamka mara tatu. Nazikumbuka zote tatu, na watu waliokuwepo.

Wiki tatu zilizopita, nilipopewa kazi ya kuandika haya, nilishuka chini kuchukua tarehe zake. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kwamba namba tano niliifuta mimi. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kanda, hakuinua kichwa. "Nilijua siku ileile ya tisa," akasema. "Wewe ungefukuzwa, mimi ningekaripiwa. Una watoto wawili. Hesabu ndogo hiyo." Nikamuuliza, na binti je, mbona hata yeye hukumwambia? Hapo akaiweka kanda chini. Akasema alidhani hasira itapita kwa mwaka mmoja, na mwaka mmoja angeweza kuubeba. Alikosea hesabu hiyo moja tu, kisha akaona haya kuirudia. Akanikataza nisiandike. Nimeandika.

Nilikwenda utumishi na maelezo yangu, ukurasa mmoja, yamesainiwa. Wamenijibu kwamba aliyetia saini karipio hayupo tena kazini, kwa hiyo barua haitolewi. Maelezo yangu yatabanwa nyuma yake. Nimedai waandike tarehe ya kupokea na kupiga muhuri, wamepiga. Ni kidogo. Ndicho wanachotoa. Aliyekuwa na ujasiri wa kutosha angepeleka ukurasa huo miaka kumi na moja iliyopita, wakati bado ungeweza kumrudisha mtu juu.

Kisha Jumamosi nikaenda kwa binti. Anafanya kazi kwenye duka la miwani, yeye ndiye anayerekebisha mikono ya fremu ikae sikioni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi: sifuri, namba nne, namba tano, begi, mlango. Alikuwa na bisibisi ndogo, akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa. Akanong'ona, "Alitoka chumbani kwa ajili ya begi langu." Halafu baada ya muda, "Miaka kumi na moja nimemnyima salamu, na wewe ulikuwa unakula chai naye." Nikamwambia kuna sherehe Ijumaa. Akauliza saa ngapi. Nikasema saa kumi jioni. Akageukia wateja wake: "Duka nafunga saa kumi na moja na nusu." Nikatoka.

Kijitabu hiki kinakwenda kwa mpiga chapa Alhamisi saa sita, kwa hiyo zaidi ya hapo sina la kuwaambia. Sijui kama atakuja. Kutoka pale dukani mpaka hapa kwetu ni dakika ishirini na tano kwa miguu, nimetembea nikapima. Nimemwomba mshereheshaji asogeze sherehe ianze saa kumi na mbili. Wanaowahi usafiri watatusamehe, na wanaopenda hotuba ndefu kwa mara moja watakuwa na kazi ya kufanya.

Mama, kwa niaba ya ghorofa zote tatu, ahsante. Kwa niaba yangu mwenyewe, neno sina. Ulale mpaka jua lichoke kukungoja, afya yako isikusumbue, na mlangoni kwako wabishe wale unaowatamani.